Vijana wanaskeiti kwenye veranda ya ploti yangu: nina haki gani, na nifanye nini?

*Swali: Nina jengo la ghorofa tatu Donholm, Nairobi. Chini kuna kemisti, kinyozi na wakala wa kutuma pesa. Mbele ni veranda ya terazo, ngazi nne, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, na benchi refu la saruji. Tangu likizo ya Aprili vijana wa mtaa huja jioni na Jumapili na mbao zao za magurudumu. Ukingo wa benchi umemeguka, vigae vya ngazi vimepasuka, na wiki iliyopita mmoja nusura amwangushe mama mjamzito aliyekuwa akitoka kemisti. Soja wangu akamnyang'anya kijana ubao na kuutupa juu ya paa la kibanda. Mamake alikuja kunitusi mbele ya wapangaji. Mume wangu anasema tumwage oili chafu. Nikiita polisi nitaonekana mbaya; nikinyamaza na mtoto avunjike mguu, nani atalipa? – Mwenye Ploti, Donholm*

Mama, tuanze na huo ubao ulio juu ya paa, maana hapo ndipo wewe mwenye haki umejitia makosani. Soja akiwa kazini, alitendalo linahesabiwa kuwa lako. Mali ya mtoto huwezi kuitwaa eti kwa sababu amekukosea, na kumfungia mtoto stoo mpaka mzazi aje, jambo ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye akili zao timamu, ni kosa la jinai. Uteremshe ubao leo. Ukiwa umepasuka, ulipe. Umpelekee yule mama wewe mwenyewe, jioni akiwa ametulia, na usimchukue soja. Mwambie: "Nimekuletea ubao wa kijana. Soja wangu alikosea. Naomba Jumamosi upite uone ngazi zangu." Kisha uage uondoke. Akiziona hizo ngazi kwa macho yake, utakuwa umepunguziwa maneno mengi.

Oili chafu, hapana. Wala misumari, waya, chupa zilizovunjwa au kokoto za kumwagwa usiku. Wa kwanza kuanguka hatakuwa kijana mwenye ubao, kwa sababu yeye huangalia chini kabla ya kupita. Atakuwa mzee anayeenda kuchukua dawa ya presha. Na hata akianguka kijana asiyealikwa, sheria inakubali kwamba hulazimiki kumpa mvamizi ulinzi ule ule unaopaswa kumpa mteja, ila haikupi ruhusa ya kumtegea mtego. Ukishamwaga kitu kwa nia ya kumwangusha mtu, hutasikilizwa ukisema hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Sasa jiulize kwa nini wanakuja kwako na si kwa jirani. Kesho asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, inama upitishe kiganja kwenye ukingo wa hilo benchi. Utakuta sehemu fulani, pengine urefu wa hatua mbili, inateleza kuliko kwingine na ina weusi: hiyo ni nta ya mshumaa waliyoipaka, imeshika vumbi. Kando yake kuna michirizi ya kijivu inayong'aa, nayo ni alumini iliyosagika kutoka kwenye vyuma vinavyobeba magurudumu. Mwanzoni mwa sehemu hiyo ndipo saruji imemeguka, kwa kuwa ndipo chuma kinapotua kwa kishindo kabla ya kuanza kuteleza. Ukishasoma alama hizo unajua wanatokea upande gani, wanarukia wapi na wanatua wapi. Hii itakufaa kuliko kamera.

Magurudumu ya ubao wa aina hiyo ni madogo, ya poliyurethani ngumu, kipenyo chake kama milimita 52 hivi. Juu ya kabro, yale matofali ya saruji ya kupangwa chini, hutetemesha mtu mpaka meno yagongane, na kijiwe kimoja kikikwama mbele ya gurudumu, ubao unasimama na mwenyewe anaendelea. Ndiyo sababu eneo la jirani lenye kabro hawaligusi. Wewe umemwaga terazo laini, umeweka ngazi nne mwisho wake, ukaongeza benchi lenye urefu wa goti. Kwa mpita njia huo ni ukumbi wa maduka. Kwa kijana mwenye ubao, hakuna uwanja wa kuushinda huo kati ya hapo na Tassia.

Wala si jambo la watoto wa siku hizi pekee. Katikati ya miaka ya 1970 California ilipopatwa na ukame, vijana waliruka ua za watu kwenda kuteleza ndani ya mabwawa ya kuogelea yaliyokuwa yamekauka. Mwishoni mwa muongo huo kijana wa Florida, Alan Gelfand, akabuni namna ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mikono, na mbinu hiyo ilipohamia barabarani, kila ngazi, kila benchi na kila reli ya mkono ikawa kifaa cha mchezo. London, wasimamizi wa Southbank Centre walitaka kuwahamisha vijana walioskeiti chini ya jengo lao tangu miaka ya 1970. Walibishana nao zaidi ya mwaka, na mwaka 2014 wakakubaliana vijana wabaki. Nakuambia haya ili usidhani una laana yako peke yako. Wanakuja kwa sababu ya sakafu, kwa hiyo sakafu ndiyo utakayoishughulikia kwanza.

Upande wa sheria, kabla ya kutamka neno "mali yangu", toa hati yako na ramani ya kiwanja uhakikishe bikoni, yaani alama za mpaka, ziko wapi. Nairobi hii, maegesho mengi yaliyo mbele ya maduka yamejengwa juu ya ardhi iliyotengewa barabara. Mwenye jengo ameweka kabro, ameweka minyororo, amezoea kupaita pake, kumbe si pake. Kama terazo yako inavuka mpaka, mamlaka yako yanaishia kwenye bikoni. Ng'ambo ya hapo unaweza kuomba tu, huwezi kufukuza. Sorovea, yaani mpima ardhi, akikuonyesha mstari, utajua pia kibao cha onyo kisimame wapi.

Ndani ya mstari huo, Sheria ya Kuingia Ardhi ya Mtu Bila Ruhusa, Sura ya 294, iko upande wako. Wengi huuliza: lakini veranda ya duka si iko wazi kwa kila mtu? Iko wazi kwa wateja wa maduka. Mwaka 1927 jaji mmoja wa Uingereza, Scrutton, alilieleza jambo hili kwa mfano ambao mawakili hawajauacha: ukimkaribisha mtu nyumbani kwako atumie ngazi, hujamkaribisha ateleze juu ya reli yake. Sidhani aliwahi kuona ubao wa magurudumu, lakini jambo lako amelimaliza. Kijana akiingia kununua panadol ni mgeni wako. Akipanda ubao kwenye benchi, ameondoka katika ule ukaribisho.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Umekaa nao tangu Aprili. Umewaona, soja amewaona, na mara nyingine mmewaacha waendelee kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na wateja. Mahakama zinaweza kuiita hali hiyo ruhusa ya kimyakimya. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1911 ya mkulima ambaye watu walikata njia shambani kwake kwa miaka kama 35. Alikuwa akinung'unika tu bila kuwazuia kwa dhati, kisha akamwachilia humo farasi mkali bila kumwonya mtu. Farasi alipomjeruhi mpita njia, mkulima alilipa. Kenya tumerithi mkondo huo wa sheria, na Sheria ya Dhima ya Wenye Majengo, Sura ya 34, inakutaka uwalinde kwa kiasi kinachofaa watu walioingia kwa ruhusa yako, huku ukitarajia kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Kwa hiyo swali lako la mguu uliovunjika lina jibu usilolipenda: ukiwa vuguvugu hivi, leo unafukuza na kesho unanyamaza, unabeba hatari ya mwenye kuruhusu bila kupata faida yoyote ya kuruhusu. Chagua moja, na wote wajue umechagua lipi.

Wapo wenye majengo walioruhusu na wakafanikiwa. Bordeaux, Ufaransa, baada ya miaka ya malalamiko na faini, jiji lilikaa chini na vijana na kuweka saa ambazo viwanja fulani vya wazi vinaruhusiwa. Ukiwa na godauni ambalo Jumapili limefungwa, ningekushauri vivyo hivyo: saa maalumu, helmeti, mzazi atie sahihi, na kampuni ya bima ya dhima kwa umma ijulishwe kwa maandishi, kwa sababu ukikaa kimya wanaweza kukataa kulipa. Na usidanganyike na kibao cha "unacheza kwa hatari yako". Kinasaidia kuonyesha ulionya. Hakifuti wajibu wa kuondoa hatari unayoijua.

Lakini wewe una kemisti, Mama. Kemisti ina wagonjwa, ina wajawazito, na hiyo njia ya mteremko imewekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kupanda ngazi. Kwako ni kukataza kabisa, kila siku, Jumapili ikiwemo.

Tukirudi kwenye sakafu: fundi wako, ukimwonyesha ukingo uliomeguka, atakushauri ufunge chuma cha pembe urefu wote wa benchi ili saruji isivunjike tena. Asante lakini hapana. Saruji kweli haitavunjika, ila chuma hicho ndicho wanachokitafuta. Kinateleza kuliko nta, na ukikifunga leo, kesho utapata wageni kutoka Umoja na Buruburu. Mwambie badala yake azibe palipomeguka kisha atumie grainda kukata mifereji kwenye ukingo, upana wa vidole viwili, kila baada ya nusu mita hivi. Chuma cha ubao kikifika kwenye mfereji kinakwama. Wengine hufunga vifundo vya chuma kwa boliti. Vinafanya kazi, bora viwe vya mviringo na viwe na urefu mdogo ili mama akikaa asichanike nguo, na boliti ziwe za aina isiyofunguka kwa spana ya kawaida. Mimi napenda mifereji kwa kuwa haiibiwi ikauzwe kwa vyuma chakavu.

Ngazi zinahitaji kitu kingine. Hakuna anayeruka ngazi nne bila kukimbiza ubao mita kadhaa kwanza, kwa hiyo kata mwendo. Pale juu, kabla ya ngazi ya kwanza, weka ukanda wa vigae vyenye vinundu, vile vya kumwashiria kipofu kwa mguu kwamba ngazi zimefika. Utakuwa umewasaidia wasioona na wakati huo huo umeharibu pa kurukia. Chini pale wanapotua, ondoa terazo upana wa hatua moja na nusu uweke kabro au saruji iliyochorwa kwa ufagio. Vyungu vikubwa vya saruji vyenye maua vinafaa kwenye veranda, mradi ni vizito vya kutosha visihamishwe na vijana wawili, na visizibe njia ya mteremko wala mlango wa kutokea moto ukizuka. Usizime taa. Najua ndilo wazo la kwanza la kupunguza gharama, na ni kweli wataondoka, lakini watakaokuja baadaye gizani hawatakuwa na mbao za magurudumu.

Kibao kiwe kifupi na chenye sababu. "HAKUNA KUSKEITI. Njia ya wagonjwa na viti vya magurudumu. – Mwenye jengo." Usiandike kuhusu mbwa usiyemfuga wala faini usiyo na uwezo wa kuitoza. Kipige picha siku unapokiweka.

Kazi hizo zote zisianze kabla hujazungumza nao, kwa sababu kijana aliyekuta amekatiwa mifereji bila kuambiwa ataichukulia kama mashindano. Zungumza nao wakiwa wamepumzika, wamekalia mbao zao wakinywa maji, kamwe si katikati ya mruko. Soja asiwepo. Salimia kwanza, jitambulishe: "Hamjambo vijana. Mimi ndiye mwenye hili jengo. Ule ubao niliurudisha, mliambiwa?" Halafu waonyeshe kigae kilichopasuka, wakishike, na uwaambie bei ya fundi. Usimhutubie yule mwenye kelele. Tazama wanamtazama nani unapouliza swali. Mara nyingi ni yule mkimya ambaye wote hungoja aruke ndipo nao wajaribu. Huyo ndiye wa kuzungumza naye, na ukijua jina lake litumie. Neno "wahuni" liache nyumbani.

Jihadhari na simu. Karibu kila kundi lina mmoja anayerekodi, na ukipandisha sauti utakuwa kwenye TikTok kabla hujafika mlangoni, ile sehemu waliyovunja kigae ikiwa imekatwa. Jihadhari pia na "mara ya mwisho tu, mathe." Mruko mmoja wa kurekodiwa hujaribiwa mara nyingi mno kabla haujatokea vizuri, na kila jaribio ni la mwisho. Ukishasema hapana, kaa papo hapo, tabasamu, ngoja wafunge mabegi.

Utaulizwa: twende wapi? Uwe na jibu, hata kama halikuhusu kisheria. Kuna bustani ya skeiti Shangilia, Kangemi, iliyojengwa mwaka 2013 kwenye makao ya watoto, lakini kutoka Donholm ni kuvuka jiji zima na matatu mbili, na kijana wa darasa la nane hataweza kila wiki. Kilicho karibu nawe ni uwanja wa mpira wa kikapu wa shule au ua wa kanisa, ambao siku nyingi uko mtupu. Hapo ndipo kile chuma cha pembe kinapata kazi. Fundi mbao akiunda kasha imara la plaiwudi, urefu wa mita mbili, na kulifunga chuma ukingoni, vijana wanapata benchi lao la kubebeka ambalo si la mtu. Kitintale, Kampala, vijana na majirani zao walijimwagia saruji wenyewe kuanzia mwaka 2006, na uwanja ule umelea kizazi kizima. Ukichangia plaiwudi na kwenda na wazazi wawili kumwona padri au mwalimu mkuu, utatumia pesa chache kuliko vigae vya ngazi. Si lazima ufanye hivyo. Ila wenye ploti waliofanya hivyo hawaniandikii tena.

Polisi waje mwisho, na kwa hatua. Wanaorudi baada ya kuambiwa, kibao kikiwepo, andika tarehe na saa, piga picha ya uharibifu badala ya sura zao. Pitia kwa mzee wa Nyumba Kumi na wazazi, kisha chifu. Chifu akimwita mzazi, mara nyingi mambo huishia pale. Ukifika kituoni, ripoti uharibifu upate nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, usiombe watoto "wafunzwe adabu" seli. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai hata kidogo, na aliye kati ya 12 na 14 anachukuliwa kuwa hana uwezo huo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata kwa wakubwa wao, sheria yenyewe inapendelea mtoto aelekezwe nje ya mahakama: kuomba radhi, kulipa, kurekebisha alichoharibu. Kwa hiyo hata ukishinda huko, utapata kile kile ambacho ungekipata sebuleni kwa mzazi wake.

Kuhusu pesa, usimwambie mzazi kwamba sheria inamlazimisha kulipa. Kuwa mzazi peke yake hakumfanyi awe mdaiwa wa kila alichovunja mwanawe. Wengi hulipa kwa kuona haya na kwa ujirani, hasa wakiombwa kiasi kilichogawanywa: vigae na siku moja ya fundi, familia nne, kila moja robo. Wakikataa na hasara ni kubwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Kwa vigae vya ngazi na ukingo wa benchi sikushauri ufike huko. Utakachotumia kwa nauli na siku za kazi kitazidi utakachopewa. Risiti za fundi zitunze hata hivyo, na nambari ya kigae andika nyuma ya risiti, kwa sababu rangi ile ile ukiikosa dukani utalazimika kubadilisha ngazi zote nne. Na likizo ya Agosti inakuja, kwa hiyo fundi wa grainda mtafute wiki hii.